Saa Juu ya Televisheni

Khocha alicheza kwa dakika mbili hivi, kisha akaweka kontrola kwenye kochi, akanitazama. "Hii inakimbia," akasema. "Si ile yetu."

Nilikuwa nimetoka Kitale asubuhi hiyo na laptopu mgongoni. Matatu ilipitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, nami njia nzima nilikuwa na ile furaha ya mtu anayepeleka zawadi. Ndani ya laptopu kulikuwa na programu niliyoiandika kwa miaka minne, usiku, baada ya kufunga kibanda changu cha kutengeneza simu. Programu ya aina hiyo huitwa emuleta. Kazi yake ni kuiga mashine ya zamani kwa undani kiasi kwamba gemu iliyoandikiwa mashine hiyo inaamini bado iko nyumbani kwake.

Mashine niliyoiiga ni Famicom ya Nintendo, iliyotolewa Japani Julai 1983. Ni kitu kidogo ukikipima kwa vipimo vya leo. Kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti 2 tu. Picha moja ya harusi inayotumwa kwenye WhatsApp haiwezi kuingia humo. Lakini kuiiga si mchezo. Kila amri ya prosesa yake ina idadi yake ya mapigo, na kila prosesa inapopiga pigo moja, chipu ya picha inachora nukta tatu. Ukikosea pigo moja, gemu fulani itayumba, nawe utakaa hadi saa nane za usiku ukitafuta ulipokosea. Nilikuwa nimezipitisha karibu programu zote za majaribio ambazo waandishi wa emuleta hutumia kujipima. Nilijiona mwaminifu. Sasa mzee wa miaka sitini na tano, ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa kodi, ananiambia si ile yetu.

"Khocha, hii ni sawa kabisa," nikamwambia. "Nimeipima."

"Umeipima na nini?"

Sikuwa na jibu.

Wacha nieleze "ile yetu" ilikuwa gani. Mwaka wa 1996 Khocha, kaka yake mama, alikuwa na duka la kutengeneza redio mjini Bungoma. Nyuma ya pazia aliweka televisheni ya Great Wall na tivii gemu moja, na sisi watoto tukalipa kobole kwa dakika kumi. Mashine hiyo haikuwa ya Nintendo. Ilikuwa mojawapo ya nakala zilizotengenezwa Asia na kuuzwa Afrika, Urusi na kwingineko. Kaseti yake ya manjano iliandikwa "9999999 in 1". Ukihesabu vizuri, gemu hazikuzidi ishirini. Zilizobaki ni zile zile zikirudi na majina mengine. Hakuna aliyeshtaki. Sote tulijua ule uongo, na uongo unaojulikana na wote karibu si uongo tena, ni mzaha tu.

Gemu yetu ilikuwa ya vifaru, Battle City ya Namco, ya 1985. Wachezaji wawili wanalinda ngome yenye tai huku vifaru ishirini vya adui vikishuka kutoka juu. Mimi na Khocha tuliicheza Jumapili duka likiwa limefungwa. Ndiyo iliyonifundisha kwamba mtu mzima anaweza kupiga kelele za furaha.

Basi nilirudi Kitale na ile mashine yake, iliyokufa zamani, ikiwa ndani ya mfuko wa unga. Nikaifungua mezani. Chipu zake zilikuwa za UMC, kampuni ya Taiwan, na hapo ndipo nilipoelewa. Mashine ya Japani ilitengenezwa kwa televisheni za kwao, picha 60 kwa sekunde. Televisheni zetu zilikuwa za picha 50. Waliotengeneza nakala waliongeza mistari 50 katika kila picha, kutoka 262 hadi 312, mistari isiyochora chochote. Mashine inasubiri tu. Kwa gemu inayohesabu muda wake kwa picha, kilichochukua sekunde 10 Japani kilichukua sekunde 12 Bungoma. Hata wimbo wa kuanzia ulikuwa wa taratibu zaidi.

Kwa hivyo Khocha alikuwa sahihi. Miaka minne nilikuwa nimejenga, kwa uaminifu mkubwa, mashine ambayo hakuna mtu wa Bungoma aliyewahi kuicheza. Emuleta nyingi kubwa zina chaguo la mwendo huu wetu, na wanaliita Dendy, jina la nakala iliyouzwa Urusi kuanzia 1992. Hata kumbukumbu yetu imesajiliwa kwa jina la watu wengine. Sikulalamika. Niliandika mwendo huo mwenyewe kwa wiki tatu, nikauweka uwe wa kwanza kwenye orodha.

Lakini swali lilibaki kooni: gemu ya kweli ni ipi? Ile ya Namco ya picha 60, jinsi waliyoiunda walivyotaka, au hii ya picha 50 iliyopita kwa maharamia ikafika nyuma ya pazia letu?

Kitale tuna makumbusho yaliyotokana na mkusanyiko wa Kanali Stoneham, aliyeyaanzisha mwaka wa 1926 akikusanya vipepeo, ndege na vitabu. Katika uwanja wake kumejengwa maboma ya jamii za huku, likiwemo la Wabukusu. Nilikwenda huko wikendi moja, nikasimama ndani ya nyumba ya Kibukusu. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nyumba ni ya duara, kuta ni za udongo, paa ni la nyasi. Kilichokosekana ni moshi. Kukhu aliwahi kuniambia kwamba paa la nyasi hutunzwa na moshi wa jiko, kwa sababu moshi hufukuza wadudu. Nyumba inayoishiwa hujilinda yenyewe. Isiyoishiwa inahitaji mlinzi wa makumbusho.

Sidharau makumbusho. Bila hayo, watoto wa shule wanaopangwa foleni pale wasingeona kitu. Na gemu zinapotea kweli: mwaka wa 2023 wakfu wa historia ya gemu wa Marekani, Video Game History Foundation, ulitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizowahi kutolewa nchini humo haziuzwi tena. Mtu anayeiga mashine nukta kwa nukta anafanya kazi ya heshima. Ila nilianza kuona kwamba uaminifu wangu ulikuwa wa aina moja tu, ule wa kipimo. Ulikuwa na kuta na paa.

Mtu ataniuliza, na wizi je? Ni swali la haki. Kuandika emuleta si kuiba. Mwaka wa 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliipa ushindi kampuni ya Connectix dhidi ya Sony juu ya jambo hilo hilo. Gemu zenyewe zina wenyewe, na mimi sizigawi. Lakini ile kaseti ya manjano niliyoinakili ilikuwa ya wizi tangu kiwandani, na kumwiba mwizi hakukufanyi kuwa mwenye mali. Sina utetezi mzuri. Naweza kusema tu kwamba sijawahi kuona duka la Nintendo Bungoma, na kwamba kitu kilichoibwa kinaweza bado kumlea mtoto. Sheria haina haja ya kulijua hilo. Mimi nalijua.

Hayo yote, hata hivyo, si kosa lililonifanya niandike makala haya.

Mwaka uliotangulia, Khocha alipatwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ulirudi, lakini ulirudi mzito, na katika gemu hii mkono wa kushoto ndio unaogeuza kifaru. Nilipompelekea toleo jipya lenye mwendo wa picha 50, wimbo wa kuanzia ulilia na yeye akafumba macho. "Hii sasa ndiyo," akasema. Kisha akacheza, akafa. Akacheza tena, akafa. Kifaru chake kilikuwa kinageuka baada ya risasi kupita. Alicheka mara ya kwanza. Mara ya tano hakucheka.

Nikasema naenda kurekebisha kitu kidogo. Nikageuza laptopu, nikapunguza mwendo hadi picha 40 kwa sekunde, nikamrudishia bila neno. Akamaliza hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mke wake akatoka jikoni kuona kelele ni za nini. Nilifurahi, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kama mchanga kwenye ugali.

Fikiria nilichofanya. Mimi niliyekuwa nimekataa ombi la kijana mmoja wa Eldoret, aliyetaka niondoe kumetameta kwa picha. Mashine ile haiwezi kuchora zaidi ya vitu 8 katika mstari mmoja, na vikizidi vinapepesa. Nilimjibu kwa ukali kwamba kuondoa kasoro ya mashine ni kusema uongo juu yake. Sasa nilikuwa nimemdanganya mzee wangu juu ya mkono wake mwenyewe.

Nilijitetea hivi: hakuna aliyeumia. Daktari humpunguzia mgonjwa habari mbaya. Mzazi humwachia mtoto ashinde mbio. Na si uaminifu wa kweli ni kwa mtu, badala ya chuma? Gemu haikuundwa ili iwe na picha 60 au 50, iliundwa ili watu wawili wakae kochi moja wapige kelele. Kama ni kelele tunatafuta, nimezipata.

Hoja hiyo ingenitosha kama Khocha asingefika hatua ya nne. Kabla ya kila hatua kuna kiwimbo kifupi. Kilipolia, aliinamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akisikiliza redio ya mteja. Hakuangalia skrini.

"Wimbo umechoka," akasema.

Nikanyamaza.

"Mwiwa, umenipunguzia?"

"Ndiyo, Khocha."

Alikaa kimya muda mrefu. Nilitarajia hasira, haikuja. "Unakumbuka ile saa?" akauliza.

Niliikumbuka. Saa ya mezani, ya kengele, aliyoiweka juu ya Great Wall. Maduka mengine ya tivii gemu, mwenyewe ndiye aliyejua dakika zako zimeisha lini, na mara nyingi ziliisha mapema. Kwa Khocha saa ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Hata mtoto asiyejua kusoma saa alionyeshwa: mkono mrefu ukifika hapa, unatoka.

"Kwani niliiweka pale ya nini?" akasema. "Ukitaka kunipunguzia, nipunguzie. Mkono ni huu, nauona. Lakini uniambie. Mimi si mtoto wa kuachiwa."

Nimelifikiria jambo hilo miezi mingi. Sisi Wabukusu tuna majina manane ya marika, na yanazunguka. Mimi ni Kolongolo. Kulikuwa na Kolongolo wengine yapata karne moja kabla yangu, na wote wamekufa. Hakuna mzee anayeniambia mimi ni bandia kwa sababu mwili si ule. Jina linarudi katika miili mipya, na linarudi hadharani, mbele ya watu, kila mmoja akijua nani anachukua nini kutoka kwa nani. Nadhani jibu la swali langu liko karibu na hapo. Kubadilika hakuvunji uaminifu. Kinachouvunja ni kubadilisha gizani. Kaseti yetu ilidanganya idadi ya gemu, nasi tuliujua uongo huo. Mimi nilidanganya kwa nia njema, na mtu mmoja katika chumba hakujua. Nia njema ndiyo iliyonifanya nisione kwamba nilikuwa nimemwondoa Khocha kwenye kochi na kucheza peke yangu na furaha yake.

Toleo lililofuata lilikuwa na mabadiliko mawili. Nililikubali ombi la kijana wa Eldoret, nikamwandikia kumwomba radhi kwa ukali wangu. Na juu kulia kwenye skrini, kwa maandishi madogo, emuleta sasa inaonyesha kila kitu kinachotofautiana na mashine ya asili: mwendo uliochaguliwa, kasoro iliyoondolewa. Hakuna sehemu ya kuyaficha maandishi hayo. Wengine wamelalamika kwamba yanaharibu picha. Kweli, yanaiharibu kidogo.

Mara ya mwisho nilipokuwa Bungoma, Khocha alichukua laptopu mwenyewe akaanza kutafuta mwendo wake. Arobaini akaukataa, alisema unalala. Hamsini ulimshinda. Akatulia kwenye 46. Pembeni pakaandikwa 46/50, na kila aliyeingia sebuleni aliweza kusoma. Tulifika hatua ya sita. Mimi ndiye niliyemwachia adui njia, tai akapigwa, na Khocha akanilaumu hadi chai ikapoa.