Paulo Aliomba Vitabu

Somo: 2 Timotheo 4:9–13, Marko 6:30–34



Paulo yuko kifungoni. Dema amemwacha, Luka peke yake ndiye yuko naye, na mwenyewe ameshasema kwamba mwendo ameumaliza. Mtu kama huyo anaomba nini? Mimi ningeomba wakili. Yeye anamwambia Timotheo apitie Troa kwa Karpo, amletee joho aliloacha huko, na vitabu, hasa vile vya ngozi.

Huo mstari nimeuruka miaka mingi. Nilidhani ni mambo ya mizigo tu. Mwaka jana ndipo uliponishika. Jioni moja mke wangu aliniuliza, "Pasta, ni lini ulifungua Biblia bila kutafuta mahubiri?" Nikanyamaza. Asubuhi kazini, jioni ushirika, Ijumaa kesha. Neno la Mungu nilikuwa nimeligeuza malighafi, na nyumbani nilikuwa mkali kwa kila mtu. Paulo, akiwa na minyororo, alikuwa bado anataka kusoma. Mimi niliye huru nilikuwa nimeacha.

1. Kupumzika kidogo ni neno la Yesu

Vijana, nawajua. Wewe dada unafungua duka la M-Pesa pale Daraja Mbili saa kumi na mbili asubuhi, unafunga saa mbili usiku. Wewe ndugu uko kwa bodaboda Keroka, na deni la pikipiki linadai kila siku. Mdogo wako anasubiri karo. Ukikaa dakika kumi na kitabu, moyo unakushtaki: "Wenzako wanatafuta, wewe umekaa!"

Sasa soma Marko. Watu walikuwa wanakuja na kuondoka mpaka wanafunzi wakakosa nafasi ya kula. Kazi yenyewe ilikuwa ya Mungu, na shida za watu zilikuwa za kweli. Ni Yesu mwenyewe aliyewaambia waende kando wapumzike kidogo. Tena umati uliwafuata, na akawahurumia. Mapumziko yalikatizwa, ndiyo, lakini hakusema wamekosea kuyahitaji. Amina?

2. Jifunze kwa chai

Watu wa Nyamira, hili mnalijua kuliko mimi. Ukichuma kichaka leo, majani mawili na kichipukizi, kesho hurudi kwenye kichaka kile kile. Unakiacha wiki moja au zaidi kichipue. Na baada ya miaka kadhaa unakipogoa, unakikata chini mpaka mgeni anadhani umeharibu shamba. Kwa muda huo hakuna kilo za kupeleka kituoni. Mbona mkulima anakubali? Anajua kichaka kisichopumzishwa kitamnyima baadaye.

Chai tunaihurumia. Je, nafsi yako unaichuma kila siku, Jumapili pamoja?

3. Weka kwenye bajeti

Nilisomea biashara, na jambo moja sijasahau: kisichoandikwa kwenye bajeti huliwa na kilichoandikwa. Ukisema "nitasoma nikipata nafasi," hutaipata. Simu itaichukua, na utalala umechoka zaidi.

Dakika 15 kwa siku, siku sita, ni saa moja na nusu kwa wiki. Injili ya Marko ina sura 16, sura moja kwa siku na umeimaliza kabla mwezi haujaisha. Isome bila kalamu. Kisha chukua ile riwaya uliyoisoma shuleni kwa hofu ya mtihani, uisome sasa ambapo hakuna mtihani. Ile mvua yetu ya alasiri ikikufungia dukani, fungua kitabu. Au kunywa chai na viazi vitamu polepole, pamoja na mama, simu ikiwa mbali. Au panda Manga na rafiki, mwangalie tu vile Mungu alivyoumba. Mhubiri 3:13 inasema kufurahia jasho lako ni zawadi ya Mungu.

Pengine wewe ni Timotheo

Najua kuna mtu hapa ambaye hana hizo dakika 15. Ana mtoto mchanga, ana mgonjwa nyumbani. Sitaki ubebe mzigo mwingine. Kumbuka hata Paulo hakuweza kujiletea vitabu. Alihitaji mtu wa kumletea.

Basi wewe mwenye nafasi, wiki hii mshikie dada yako duka nusu saa. Mbebee mtoto mama aliyechoka. Jumapili ijayo kila kijana alete kitabu kimoja alichomaliza, tubadilishane baada ya ibada. Mimi nitaleta changu.

Tuombe: Baba, tusamehe tulipodhani unatupenda kwa sababu ya kazi zetu. Tufundishe kukaa kando kidogo na wewe. Utupe kina Timotheo, na utufanye kina Timotheo. Katika jina la Yesu, amina.