Jicho Ndani ya Nyumba

Msomaji, ukipata nafasi ya kusafiri hadi Kaunti ya Migori, kusini ya Ghuba ya Winam, usiache kuziona kuta za mawe za Thimlich Ohinga. Wazee walizijenga yapata karne ya kumi na sita kwa kupanga jiwe juu ya jiwe bila chokaa, na baadhi yake zina kimo cha mita 4. Mwaka 2018 ziliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Milango yake ni mifupi. Aingiaye hana budi kuinama, na mtu aliyeinama ni rahisi kumzuia. Hapa pana jambo la kutafakari. Ulinzi wa boma lile ulielekea nje, kwa mnyama mkali, kwa mwizi wa ng'ombe, kwa adui. Waliokuwa ndani ndio waliolindwa. Wao hawakuwa wa kuchunguliwa.

Siku hizi mjini Kisumu, katika mitaa kama Milimani na Migosi, ulinzi umegeuza uso. Mtu huajiri yaya, hununua kamera ndogo ipatayo ukubwa wa ngumi, huiweka juu ya kabati sebuleni, kisha huenda kazini na kuitazama nyumba yake katika simu. Simlaumu. Mama amwachaye mtoto wa miezi 6 mikononi mwa mtu aliyemjua juma lililopita hafanyi dhambi kwa kuwa na hofu. Lakini liko swali ambalo muuza kamera halitaji dukani: jicho lile ni la nani?

Kamera nyingi za namna hii haziweki picha nyumbani. Huzipeleka kwa njia ya intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni, aghalabu ng'ambo, na simu ya mwenye nyumba huzipata kutoka huko. Kwa kazi ya kuzihifadhi hulipwa ada kila mwezi. Ada ikikoma, kamera mara nyingi huendelea kuona ya sasa, lakini ya jana huyasahau. Ni sawasawa na bawabu anayekula chakula chako, ambaye kila jioni hupeleka habari za nyumba yako kwa tajiri mwingine, nawe ukitaka kujua yaliyotokea kwako huna budi kumlipa tajiri yule akusomee.

Na tajiri huyo si mwaminifu sikuzote. Mwezi wa Mei mwaka 2023 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara iliishtaki kampuni ya Ring, iliyo mali ya Amazon. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, mfanyakazi mmoja wa kampuni alitazama kwa miezi kadhaa maelfu ya video za wateja wanawake, zilizonaswa na kamera walizoziweka wenyewe mahali pa faragha kama vyumba vya kulala. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Mwezi wa Februari mwaka 2024 kampuni nyingine, Wyze, ilitangaza kwamba wateja wake wapatao 13,000 walionyeshwa picha za kamera zisizo zao. Katika kisa hiki hapakuwa na mwizi; mitambo ilikosea tu, na sebule ya mtu ikafunguka mbele ya wageni.

Kwa sababu hiyo wako watu wanaoziacha kampuni na kujitegemea. Hununua kompyuta ndogo na diski, huzifunga nyumbani, na kutumia programu huria kama Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Kamera huunganishwa na kompyuta hiyo na kufungiwa njia ya kutoka nje. Hesabu yake waweza kuifanya wewe mwenyewe. Kamera itumayo biti milioni 2 kila sekunde hujaza gigabaiti 21 na nusu hivi kwa siku moja. Basi diski ya gigabaiti 1,000 yatosha siku 46 kwa kamera moja, na siku 11 tu kwa kamera nne. Ada ya kila mwezi hukoma, ila kazi haikomi. Umeme ukikatika na hakuna betri, jicho hufumba. Diski huchakaa. Programu zataka kuhuishwa mara kwa mara, la sivyo wadukuzi watapata mwanya. Na mwizi anayejua kazi yake ataibeba kompyuta pamoja na ushahidi uliomo.

Hata hivyo naona badiliko hili ni jema. Afadhali mambo ya nyumba yalale ndani ya nyumba. Ninachokataa ni furaha ya yule asemaye, baada ya kufunga mtambo wake, kwamba sasa suala la faragha limekwisha. Limekwisha kwake yeye. Je, kwa yaya?

Mfikirie binti wa miaka 19 aliyetoka Mbita kuja mjini kutafuta riziki. Sebule ile kwake ni mahali pa kazi, ni mahali pa kupumzika, na katika nyumba nyingi usiku hugeuka kuwa chumba chake cha kulala. Bibi wa nyumba akitoka asubuhi hutoka machoni pa kamera. Binti hana pa kutokea. Yule mgeni wa ng'ambo angemtazama bila kulijua jina lake. Mwajiri analijua jina, anaushika mshahara, na sasa anashika picha za siku 46. Ukweli ni kwamba kwa binti huyu jicho limesogea karibu zaidi.

Mtu atasema: asiye na hatia haogopi kutazamwa. Asemaye hivyo hufunga mlango aingiapo bafuni, wala hatumshuku kwa wizi. Mwingine atasema kuwa hata karani wa benki hutazamwa na kamera mchana kutwa. Ni kweli, lakini jioni karani huenda kwake. Wajaluo walilijua jambo hili kwa njia yao. Kijana wa kiume alipokua alijenga nyumba yake ndogo karibu na lango la boma, iitwayo simba. Hakuwa amekosa neno. Alikuwa amekuwa mtu mzima, na mtu mzima ahitaji mlango wake.

Sheria yatusaidia hadi mahali fulani. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila mtu haki ya faragha, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Lakini sheria hiyo ya 2019 huacha nje matumizi ya mtu binafsi yaliyo ya nyumbani tu. Maadamu picha zilikuwa kwa kampuni, kampuni ilikuwa na wa kuiuliza. Zikihamia kwenye diski iliyo chini ya ngazi, huenda asiwepo wa kumwuliza mwenye diski ila dhamiri yake.

Nawe, mwanafunzi, usidhani haya ni ya watu wazima pekee. Katika nyumba nyingi baba hajui kufunga mtambo wa namna hiyo, atakuita wewe. Neno la siri litatungwa na wewe, na kwa siku chache wewe ndiwe utakayeweza kuona kila kitu na kila mtu. Kabla hujachomeka waya, uliza nani ataruhusiwa kutazama, na picha zitafutwa baada ya siku ngapi. Kwa yaya anayelea mtoto, siku 3 naziona zatosha. Uliza pia kama mwenyewe ameambiwa. Kamera iliyofichwa hainipendezi, hata ikiwa ni kwa ajili ya mtoto, maana humfundisha mwajiri kusema uongo kila asubuhi anapoaga. Na mahali alalapo mtu jioni, jicho lifungwe jioni.

Kazi ikiisha, rudi kwenye kampuni ya zamani. Kuacha kulipa si kufuta. Yafaa kuomba picha za nyuma zifutwe, kisha akaunti ifungwe. Halafu tazama kamera kuukuu yenyewe, hasa kama baba anataka iuzwe soko la Kibuye. Nyingine zina kadi ndogo ya kumbukumbu ubavuni, na mnunuzi asiyekujua ataondoka nayo mfukoni, pamoja na yule binti wa Mbita akimbembeleza mtoto alale.