Figo ni ya Nani?

Mzazi ana haki ya kumficha mtoto habari za mwili wake mwenyewe? Sisemi ugonjwa wa kulaza mtu kitandani. Tuseme mtoto amezaliwa na figo moja inayofanya kazi badala ya mbili. Anakimbia, anakula, anafanya mitihani kama wenzake, na huwezi kumtazama ukajua. Aambiwe, ama aachwe tu?

Swali hili liko kwetu. Binti ya dada yangu ana miaka kumi. Dada akiwa na mimba yake, skani ilionyesha figo moja, na alipozaliwa daktari akathibitisha. Wanaojua ni dada, shemeji na mimi. Mwenyewe hajui. Akipelekwa kliniki kila mwaka huambiwa wanaangalia kama anakua vizuri.

"Akijua atajiona nusu mtu," dada husema.

Sikubaliani naye, lakini hoja yake si ya kipuuzi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na najua vile jina moja linaweza kukuganda. Kila harusi, kila matanga, lazima kuna mtu wa kunitambulisha: huyu ndiye yule aliyeacha. Sasa ukoo wetu umpe mtoto jina la "mwenye figo moja"! Atakatazwa hata kuruka kamba.

Tena sayansi iko upande wa dada kwa kiasi fulani. Takriban mtoto mmoja kati ya kila 1,000 hadi 2,000 huzaliwa hivi. Figo iliyopo huanza kukua kuliko kawaida, mara nyingi tangu tumboni, ikibeba kazi ya mwenzake ambaye hayupo. Wengi huishi hadi uzeeni bila shida, na wengine hawajui kabisa mpaka siku wanapopigwa skani ya jambo lingine. Ronald Herrick alimpa pacha wake figo huko Boston mwaka 1954, upandikizaji wa kwanza wa figo kufaulu, naye akaishi na moja hadi 2010.

Lakini Herrick alijua. Aliulizwa, akakubali, na kila daktari aliyemhudumia baadaye angeweza kuambiwa na yeye mwenyewe. Isitoshe, alifika utu uzima na figo mbili. Mtoto wa figo moja anaitegemea hiyo hiyo tangu siku ya kwanza. Ndani ya figo kuna vichujio vidogo sana, kwa wastani kama milioni moja. Vyote hutengenezwa kabla ya kuzaliwa, na vikiharibika mwili hautengenezi vingine. Baadhi ya watoto hawa hupandwa na presha, au protini huanza kuvuja kwenye mkojo, na hawasikii maumivu yoyote. Ndiyo maana wanapimwa presha na mkojo hata wakiwa wazima kama kengele.

Hapo ndipo siri ya dada inaponisumbua. Siri kama hii inataka mlinzi aliye karibu saa zote, na mwaka ujao mtoto anaenda shule ya bweni. Akiteguka mguu, au akipata homa huku anaharisha na hajanywa maji ya kutosha, atapewa ibuprofeni kama wengine. Hakuna mwenye nia mbaya. Ila dawa za jamii hiyo, diklofenaki ikiwemo, zinaweza kuumiza figo, hasa mwili ukiwa umekaukiwa na maji, na yeye hana figo ya akiba. Nyumbani dada humpa parasetamoli bila kueleza kwa nini. Kule bweni nani ataeleza? Mtoto hawezi kusema asichokijua.

Kuna na hili, ambalo najua si la mjomba kulisema. Figo na mfuko wa uzazi hutengenezwa karibu wakati mmoja tumboni, kwa hivyo wasichana wa figo moja wako katika uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kuwa na mfuko wa uzazi wenye umbo tofauti. Akianza hedhi na maumivu yakamzidi, hapo ni pa kupigwa skani, si pa kuambiwa kila mwanamke huvumilia. Mambo ya hedhi na uzazi yatakuwa yake muda mrefu baada ya sisi kwenda zetu.

Kuhusu michezo, dada ameanza kumzuia mpira kwa visingizio vya homework. Siungi mkono. Figo kuumia uwanjani ni nadra, na baiskeli ambayo anaruhusiwa kila Jumamosi imeonekana kuumiza figo za watoto kuliko mpira. Daktari wake aulizwe. Lakini mtoto anayenyimwa kitu bila sababu atajitungia yake, na huenda ikawa mbaya kuliko ukweli.

Nilimwambia dada kwamba maneno yenyewe ni machache: una figo moja, inafanya kazi vizuri, kunywa maji, usikubali dawa ya maumivu kabla ya kusema, na kila mwaka tunapima. Mtoto wa miaka kumi anayaelewa. Matroni wa shule pia aambiwe, kwa barua. Wengine ataamua mwenyewe kama atawaambia, hata tukianza na nyanya yake ambaye bado anauliza kliniki ni ya nini. Dada alisikiliza, akaniuliza, "Na akilia?"