Mahali Ambapo Mteja Hachungulii

Mteja akikabidhiwa gari dogo la mbao lililopakwa rangi, Coaster ya mapambo kwa mfano, hukagua mistari, madirisha na maandishi ya ubavuni. Haombi kuonyeshwa kifaa kilichopuliza rangi ile. Basi kazi ambayo hakuna atakayeiona, fundi anadaiwa na nani?

Mji wa Tukuyu, kusini mwa Tanzania, una majibu mawili ya swali hilo, na yote ni ya zamani.

La kwanza lilikuja mwaka 1891, wamisionari wa Kimoravian akiwemo Theodor Meyer walipoanzisha kituo cha Rungwe, karibu na mlima wenye kimo cha takriban mita 2,960. Kanisa lao lilizoea kutuma mafundi. Wamisionari wake wa kwanza kabisa, waliokwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibi mwaka 1732, walikuwa mfinyanzi Leonhard Dober na seremala David Nitschmann. Kwa imani hiyo kazi ya mikono ni sehemu ya ibada, na Mungu anauona hata upande wa chini wa meza.

Jibu la pili lilikuwapo kabla ya hapo. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti wao Unyakyusa, nchi ya Wanyakyusa inayouzunguka mji huo, kati ya 1934 na 1938, walieleza jinsi ndugu waliokosana walivyotakiwa kuitoa hasira yao kwa maneno ndipo tambiko lifae. Wakati wa kuomba, mzee alitia maji kinywani akayapuliza chini, na hasira ikahesabiwa kuwa imetoka. Aliyenyamaza na kinyongo chake aliliharibu tambiko zima. Tena madhara hayakuishia kwake: mtoto wa ukoo, asiyejua lolote, ndiye angeweza kuugua.

Jibu hili la pili linamgusa zaidi mpakaji rangi. Kifaa chake, eabrashi, ni bunduki ndogo ya rangi, hushikwa kama kalamu, na tundu lake la mbele mara nyingi lina upana wa milimita 0.2 hadi 0.5 tu. Rangi ya akriliki ni chembe za plastiki zilizo ndani ya maji. Maji yakishakauka, chembe hushikana, na hapo maji hayaziachanishi tena. Kilichosafishika kwa kikombe kimoja cha maji jioni, kesho yake kinadai dawa na subira. Anayelipa huenda asiwe aliyechafua: ni mwenzake wa karakana anayeazima kifaa asubuhi, au mteja ambaye mlango wa gari lake umerukiwa na matone.

Mvua nayo haisaidii. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kompresa inayovuta hewa yenye unyevu namna hiyo hukusanya maji ndani ya tangi. Yasipomwagwa kila siku, na kichujio cha maji kisipofungwa kwenye mpira wa hewa, yatatokea katikati ya rangi. Hayo nayo yako mahali pasipoonekana.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ya utulivu. Rangi iliyobaki humwagwa, kikombe husuuzwa, maji yakapulizwa mpaka yatoke meupe. Kisha tundu huzibwa kwa kitambaa na hewa kufunguliwa kidogo. Mapovu hupanda kikombeni yakibeba rangi iliyojificha. Mwisho mkia hufunguliwa, nati inayobana sindano hulegezwa, na sindano huvutwa taratibu kwa nyuma. Hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, ikizungushwa, kuelekea nchani, kamwe si kinyume, kwani ncha ikipinda hata kidogo rangi itatoka upande. Kuitumbukiza eabrashi nzima kwenye thina ni kuua mipira ya ndani.

Je, hii ni ibada? Mmoravian wa zamani angesema ndiyo. Lakini hoja ya wazee wa Kinyakyusa ina nguvu zaidi hapa, kwa sababu haimwachi fundi peke yake na dhamiri yake. Inamkumbusha kwamba siri yake ina majirani. Mtu anaweza kuahirisha deni lake kwa Mungu akitumaini msamaha. Rangi iliyoganda haiahirishiki, na aliyeachiwa hana kosa.

Kwa hiyo hata ununuzi uanzie kwenye usafi. Eabrashi ya kikombe cha juu hutumia rangi kidogo na husafishika upesi kuliko ya chupa ya chini. Ya kitufe cha mwendo mmoja ni rahisi kwa anayeanza. Ya miendo miwili, kubonyeza kwa hewa na kuvuta kwa rangi, humpa fundi uwezo zaidi. Lakini kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji aifungue mbele yako mpaka sindano itoke, na akuonyeshe sindano na tundu la akiba. Akishindwa, usiinunue, hata iwe nzuri namna gani kwa nje.