Mjane Aliyeomba Shauri juu ya Deni

Mafundisho kwa wakatekumeni juu ya Amri ya saba



Kila mwaka siku za Ubatizo zikaribiapo, ulizo moja huletwa kwa mwalimu, mara nyingi jioni, na kwa sauti ndogo: «Mwalimu, nina deni. Je, naweza kubatizwa?» Na mara nyingine laja ulizo lingine, lililo kinyume cha lile la kwanza: «Mwalimu, Ubatizo wafuta yote. Nikishabatizwa, deni langu nalo si limekwisha?»

Yafaa kuyajibu yote mawili waziwazi, maana mmoja wa waulizaji hao aogopa bure, na mwenzake atumaini bure.

Kwa yule wa kwanza twasema: deni peke yake si dhambi. Mtu aliyekopa mbegu wakati wa njaa, au feza za kumpeleka mtoto hospitali, naye ana nia ya kulipa, hakuvunja amri ya Mungu. Aje, asikae mbali na mafundisho kwa haya.

Kwa yule wa pili twasema: Ubatizo hufuta dhambi ya asili na dhambi zote tulizozitenda, pamoja na adhabu zake. Lakini mbuzi wa jirani abaki mbuzi wa jirani. Mungu husamehe yaliyo yake. Mali ya mwenye duka, mwenye duka ndiye mwenye kuisamehe. Mkumbukeni Zakayo katika Injili ya Luka. Yezu alipoingia nyumbani mwake, Zakayo alisimama akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Bwana hakumwambia: «Acha, mimi nimekwisha kuja.» Alitangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Basi aliye na deni na nia ya kulipa, mlango wa kanisa u wazi mbele yake. Aliye na feza mkononi akakataa kulipa, huyo avunja Amri ya saba. Na aliyekopa akijua moyoni kwamba hatalipa kamwe, huyo ni mwizi aliyebisha hodi kabla ya kuiba.

I. HABARI YA MJANE

Katika Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, twasoma habari ya mjane mmoja. Mume wake alikuwa mtu wa jamii ya manabii, mwenye kumcha Mungu, naye alikufa akiacha deni. Tazameni: hata mcha Mungu aweza kufa na deni. Mdai akaja, si kwa kuchukua kuku wala kitanda, bali kwa kuwachukua watoto wawili wa mjane wawe watumwa wake.

Mjane yule hakukimbia usiku. Alikwenda kwa nabii Elisha, akamweleza yote. Nabii alimwuliza ana kitu gani nyumbani. Akajibu kwamba hana kitu, ila chupa moja ya mafuta. Nabii akamwagiza aazime kwa jirani vyombo vitupu, tena si vichache, ajifungie ndani pamoja na wanawe, akamimine mafuta humo. Akamimina, vyombo vyote vikajaa. Vyombo vilipokwisha, mafuta yakakoma. Akarudi kwa nabii kumpasha habari, naye akamwamuru ayauze, alipe deni, na yale yatakayobaki yawe riziki yake na ya wanawe.

Muujiza ni kazi ya Mungu. Lakini mbele ya muujiza na nyuma yake kuna kazi ya mjane na shauri la nabii, na hayo hata sisi twaweza kuyafuata.

II. MAMBO MATANO YA KUJIFUNZA

1. Mjane alilisema deni lake. Deni lililofichwa hukua kama magugu nyuma ya nyumba, pasipo kuonekana. Mume amficha mke wake, mke amficha mume wake. Kisha siku moja mdai asimama uani mbele ya watoto. Na wako waliokwisha kuacha Misa kwa sababu mdai wao huketi katika ubao wa mbele. Mpenzi, usimwache Mungu kwa kumwogopa mtu. Kuficha uchi hakuzai, ndivyo walivyosema wazee.

2. Nabii aliuliza kabla ya kusaidia. Alitaka kujua deni, kisha akataka kujua mali. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Twaeni kaye, mpige mstari katikati. Upande mmoja mwandike madeni yote: jina la mdai, kiasi, faida anayoidai, na siku ya kulipa. Upande wa pili mwandike vilivyomo nyumbani: mifuko ya mihogo, kuku, ufundi wa mikono, siku za kibarua. Mjane alisema hana kitu, na hali mafuta yalikuwamo. Mtu mwenye hofu hausahau mzigo wake, bali huisahau chupa yake ya mafuta.

3. Mjane aliazima vyombo, hakukopa mafuta. Alitafuta vitu vya kazi ambavyo vitarudishwa kama vilivyo. Hakukopa kwa mtu mwingine ili amlipe mdai wa kwanza, maana huko ni kuchimba shimo kwa kufukia shimo. Sikieni hesabu hii. Tuseme mtu akopa franka 50.000, na mdai ataka faida ya 30 kwa 100 kila mwezi. Kila mwezi mtu yule apeleka ile faida tu, 15.000. Baada ya miezi sita amekwisha kutoa 90.000, na lile deni la 50.000 lingali lilelile. Mwenzake, mwenye deni kama lake, apatana na mdai kwamba faida itahesabiwa juu ya kiasi kinachobaki, naye ajinyima apeleke 25.000 kila mwezi. Mwezi wa nne amemaliza, na jumla aliyoitoa ni 88.130. Wa kwanza ametoa zaidi, naye bado amefungwa. Kwa hiyo, ukiwa na madeni mengi, anza na lile ambalo faida yake ni kali kupita yote. Na mengine usiyaache, upeleke kila mwezi kile mlichopatana.

4. Mjane alilipa kwanza, akala baadaye, lakini alikula. Nabii hakumwambia alipe hata watoto wafe njaa. Katika Kitabu cha Torati, sura ya 24, Mungu alikataza kutwaa rehani jiwe la kusagia, kwa sababu kulitwaa ni kutwaa uhai wa mtu. Jiwe lako la kusagia ni nini? Ni jembe lako, mbegu ya msimu ujao, cherehani, baiskeli ya kuchukulia mizigo. Usiviweke rehani vitu hivyo. Wala usiuze mahindi yangali mabichi shambani kwa bei ya huzuni, ili mwingine avune jasho lako. Na zaidi ya yote, binti yako si mafuta ya kuuzwa. Baba anayeharakisha ndoa ya mtoto ili mahari ilipe deni, amefanya kwa hiari yake neno lile ambalo mjane alilia machozi ili lisimpate. Wala ndoa ya kulazimishwa si ndoa mbele ya Kanisa.

5. Mjane alirudi kwa nabii. Mafuta yalipokuwa tele, hakuyapeleka sokoni kwa furaha yake mwenyewe, aliuliza tena. Wengi huomba shauri siku ya machozi, nao hulisahau siku ya mavuno. Siku ya mavuno ndiyo siku ya hatari, maana feza zipo, na vikwembe vipya vipo dukani.

III. ELISHA WA LEO NI NANI?

Kwanza ni mwenzako wa ndoa. Pili ni mtu mzima mwenye busara katika shirika hai lenu, ajuaye kunyamaza. Mwombe akusindikize kwa mdai kabla ya siku ya malipo, si baada yake. Mdai akiona mtu aja kwa miguu yake mwenyewe, na kaye mkononi, na shahidi kando yake, mara nyingi hukubali kungoja, au kupunguza faida. Mkipatana, andikeni. Tobiti, mcha Mungu mkubwa, alipoweka feza zake kwa Gabaeli, waliandikiana hati. Na kwa hati ile Malaika Rafaeli alizipokea baadaye zikiwa kamili. Kama Malaika alikwenda na hati, je, wewe?

Kisha viko vyama. Likelemba, ambayo wengine huiita likirimba, twaijua sote. Katika vijiji vingi viko pia vyama vya akiba na mkopo viitwavyo AVEC. Mtindo wake ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini. Watu kama 15 hata 25 huweka akiba pamoja katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu hushikwa na watu watatu mbalimbali. Hesabu hufanywa mbele ya wote; kwa kawaida mtu hakopeshwi zaidi ya mara tatu ya akiba yake; na faida hairukii mfuko wa tajiri, hugawiwa wanachama mwisho wa mwaka. Na pale ambapo mdai atumia vitisho, au ataka kuchukua shamba au mtoto, nendeni kwa Tume ya Haki na Amani ya parokia au ya jimbo.

Jihadharini na mshauri wa uwongo. Akiomba feza kabla ya kusikiliza, ni mwongo. Akisema atazizidisha feza zako kwa dawa au kwa maombi ya usiku, ni mwongo. Akikushauri uhame kijiji, akufundisha wizi.

IV. NENO KWA WENYE KUKOPESHA

Nanyi mliokopesha, sikieni. Katika Kitabu cha Nehemia, sura ya 5, wakubwa wa Yerusalemu walikaripiwa kwa kuwatoza faida ndugu zao hata wakauza watoto wao. Nao walirudisha mashamba na nyumba. Kanisa limelishika neno hilo. Mwaka 1462, mjini Perugia, Wafransiskani waliwasaidia watu kufungua nyumba ya kuwakopesha maskini, wapate kuponyoka mikononi mwa wenye riba. Na mwaka 1515 Papa Leo wa Kumi, katika Mtaguso wa Laterani, alizikubali nyumba za namna hiyo. Kudai chako si dhambi. Kumla ndugu yako ni dhambi.

MAULIZO NA MAJIBU

Ulizo: Kuwa na deni ni dhambi?
Jibu: Hapana. Dhambi ni kukataa kulipa uwezapo, au kukopa kwa hila.

Ulizo: Ubatizo wafuta deni la feza?
Jibu: Hapana. Wafuta dhambi, nao watupa neema ya kutenda haki.

Ulizo: Asiyeweza kabisa kulipa afanye nini?
Jibu: Amwendee mdai na shahidi, aombe muda, alipe kidogo kidogo, na asiache nia ya kumaliza.

Kusudi la juma hili: Nitaandika madeni yangu yote katika kaye, nami nitamwonyesha mtu mmoja ninayemwamini.

Sala: Ee Yezu, katika Sala uliyotufundisha, kama alivyoiandika Matayo, dhambi zetu waziita deni. Deni lile hatukuweza kulilipa, nawe umelilipa kwa damu yako. Utujalie uaminifu katika madeni haya madogo tunayoweza kuyalipa, na huruma kwa wale wanaodaiwa nasi. Amina.