Uzuri wa Pangani ni wa Nani?

Sisi vijana wa Nairobi tukisema mji fulani wa Pwani unabamba, mara nyingi tunamaanisha kwamba umechakaa kwa namna inayopendeza kwenye picha. Rangi imebanduka, mlango wa nakshi umepasuka kidogo, paka amelala barazani. Mwenye nyumba akipaka rangi mpya na kuweka madirisha ya alumini, tunalalamika kwamba mji umeharibika. Swali langu ni hili: je, tuna haki ya kufurahia uchakavu ambao mtu mwingine analala ndani yake?

Swali lenyewe nilitoka nalo Pangani, Januari, wakati wa kaskazi. Tulikuwa watatu, tumevuka mpaka wa Lunga Lunga tukafikia Tanga kwa likizo fupi. Kutoka Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50 kuelekea kusini, kwa hivyo unaenda asubuhi na kurudi jioni bila presha. Mji umekaa pale ambapo mto Pangani, unaopokea maji ya Kilimanjaro na Meru, unaingia Bahari ya Hindi. Upande mmoja kuna nyumba za kale, ng'ambo kuna Bweni na minazi yake. Jua lilikuwa kali lakini mtoni kulikuwa na upepo. Na manze, mji ni mzuri. Sitajifanya eti sikuuona uzuri huo.

Ila uzuri huo una historia. Katika karne ya 19, Pangani ilikuwa mwisho wa njia za misafara kutoka bara. Pembe za ndovu zilifika hapa mabegani mwa watu, na watu wenyewe pia waliuzwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akishinikizwa na Waingereza, alipiga marufuku biashara ya kusafirisha watumwa baharini. Utumwa haukuisha. Mashamba ya miwa kando ya mto yaliendelea kulimwa na watumwa, na Tanganyika haikuufuta utumwa kisheria hadi 1922.

Halafu kuna Abushiri bin Salim. Agosti 1888, Emil von Zelewski wa kampuni ya Kijerumani alishikilia kwamba bendera ya kampuni ipandishwe Pangani. Watu wakakataa, na vita vikaenea pwani. Abushiri akawa kiongozi anayejulikana zaidi wa upinzani huo, na Desemba 1889 Wajerumani wakamnyonga papo hapo Pangani. Shujaa, sivyo? Lakini shujaa huyo alikuwa na shamba la miwa, na waliokata miwa ile walikuwa watumwa.

Tulibishana sana juu ya hilo. Mwenzangu mmoja alisema tukihesabu dhambi hivyo hatutabaki na shujaa hata mmoja. Mimi naona ushujaa ni wa tendo. Hauwi cheti cha usafi wa maisha yote ya mtu. Naweza kuheshimu aliyekataa kutawaliwa, na bado nikauliza kuhusu wale waliokata miwa yake, ambao majina yao hatuyajui.

Hao ni wafu. Walio hai je? Tulikuwa tunapiga picha ukuta mmoja ulioota miti kwenye nyufa, tukamwamkia mama aliyekuwa akiuza chai karibu. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu." Akatutazama, akacheka. "Mnaupenda huo ukuta? Basi njooni mlale ndani mvua ikinyesha."

Kuna majibu mawili rahisi. La kwanza: tulia, wageni wanaleta pesa. Kweli, tulinunua chai, samaki, na kulipia mashua. Lakini bei ya chai ni ya chai tu. Hainipi haki ya kutamani ufa wa mtu ubaki ufa. La pili: mahali pa machungu usifurahie, huzunika. Hili linaonekana la heshima, lakini huzuni ya mgeni haizibi paa. Isitoshe, linawageuza watu wa Pangani kuwa walinzi wa makaburi, ilhali wao wenyewe wanaupenda mto wao, watoto wanaogelea, na wazee wanapunga upepo jioni. Uzuri ule ni wao kabla haujawa wetu.

Kwa hivyo sikatai furaha. Nataka tu ipite mtihani mmoja: je, furaha yangu inahitaji mwenyeji abaki alivyo? Chukua mfano wa mto. Kwa miaka mingi kuvuka kwenda Bweni kulitegemea kivuko. Mradi wa barabara ya pwani ukaja na daraja, na mwenzetu mwingine akanung'unika kwamba daraja linaharibu mandhari. Mama mjamzito anayehitaji kuvuka usiku wa manane hawezi kunung'unika hivyo. Kama unaupenda mji mradi tu watu wake wahangaike kivukoni, basi unachokipenda ni shida yao.

Utaniuliza, sasa kila kitu kiwe alumini na zege? Hapana. Tunazo sababu nzuri za kutunza mlango wa nakshi na ukuta wa matumbawe. Lamu iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na urithi huo ni wa kujivunia. Lakini kukarabati kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko kuna gharama. Tukidai mwenye nyumba asibadilishe kitu kwa sababu nyumba yake ni urithi wetu sote, basi na gharama iwe yetu sote. Haiwezekani fahari tugawane halafu bili imwendee yeye peke yake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunapenda kuitaja nusu ya kwanza tukikaribishwa. Ile nusu ya pili ndiyo yenye kazi, na haimwulizi mgeni amepiga picha ngapi.