Deni la Ujirani

Tupitapo Manzese, Dar es Salaam, tukaona mabati yenye kutu na vichochoro vyembamba, wengi wetu hudhani kuwa hapo hapana jamii, ila msongamano wa watu. Basi tujiulize: jamii ni kuta au ni wajibu?

Katika nyumba ya Kiswahili vyumba hutazamana ukumbini, na uani jiko na choo ni vya wote. Mzaramo, Mnyamwezi na Mmakonde huishi humo pamoja. Mmoja akifiwa, wenziwe hutandika mikeka, huchanga fedha za sanda na kukesha naye. Huo si ukarimu tu, bali ni deni. Asiyekwenda kuzika wenzake hulijua fedheha lake.

Hatusemi kwamba dhiki ni mila. Maji safi na barabara ni haki ya kila raia. Ndiyo maana mwaka 1972 Serikali iliamua kuiboresha mitaa ya namna hiyo badala ya kuibomoa. Kwani mtu akihamishwa, huweza kupimiwa kiwanja kingine. Je, atapimiwa wapi jirani? Sisi tuliosoma tusidhani kwamba palipokosekana saruji pamekosekana utu.